Kompyuta Chini ya Meza ya Unga

Kitendawili: mgeni huyu haombi maji wala kiti, ila akiingia, mwenye nyumba hutazama sakafu. Usihangaike kutoa mji. Jibu lake ni aibu, na nyumba aliyoingia safari hii ni ya fundi rangi mmoja, mtu mrefu, mpole, mwenye bega bovu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, na cha mbele kilikuwa cha kila kitu kilichobaki: kochi lililobonyea katikati, tanuri la mikate, na meza ndefu ambayo mke wa Fundi Rangi alichekechea unga wake. Chini ya meza hiyo, nyuma ya pazia la maua, ilikaa kompyuta ya gemu. Skrini yake iliwekwa juu ya kreti, na mbele ya kreti alikaa binti yao, magoti yamekunjwa kama mtu aliyefichwa. Mikate ilinunua chakula. Kompyuta ililipa kodi ya nyumba, kwa pesa za mashindano ya gemu. Hilo la kodi walilijua watu watatu tu, na Fundi Rangi alitaka libaki hivyo hivyo.

"Imeganda tena!" Binti alijipiga paja. Wenzake wa timu walimwita Kidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya vitufe, na hata nyumbani jina lilimganda. Kwenye skrini, askari wake alikuwa amesimama mguu juu, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Alipozinduka, alikuwa ameshauawa.

"Kapteni wenu amesemaje?" aliuliza mama, bila kuacha kutikisa chekecheke. Unga ulipanda kama ukungu, kisha ukashuka taratibu juu ya meza, juu ya pazia, juu ya nywele za Kidole.

"Amesema nikiganda kwenye mashindano ya Jumapili, nafasi yangu anapewa mwingine. Hakusema kwa ubaya, Mama. Amesema timu nzima haiwezi kumsubiri mtu mmoja aamke."

"Si uizime uiwashe?"

"Nimeizima nikaiwasha mpaka kitufe kimechoka. Imezeeka. Gemu zimekua, yenyewe imebaki pale pale. Inataka kadi mpya ya picha, kile kidude kinachochora vitu kwenye skrini."

"Na ukiifungua ukatazama ndani?"

"Muulize Baba."

Fundi Rangi alikuwa kwenye kochi akilikanda bega lake. Tangu aanguke kutoka kwenye ukuta wa ghorofa, mkono wa kulia haukupanda kupita sikio. "Aliyetuuzia alisema tusiifungue," alisema. "Kitu ukikipata mkononi mwa mtu, usikipasue tumbo."

Mlango ukagongwa. Kabla mgongaji hajamaliza kusema hodi, Fundi Rangi alikuwa ameshainuka na kulivuta pazia. Kidole akaondoa vidole kwenye vitufe. Aliingia dada mkubwa wa mama, mwanamke mnene mcheshi aliyefuata mikate yake, na macho yake yalifika kila mahali kabla ya miguu.

"Shemeji, hujambo? Na Kidole yuko wapi leo?"

"Anasoma. Ana kozi yake."

"Kila nikija anasoma! Huyu atatoka profesa. Na wewe kazi lini, shemeji?"

"Nitarudi tu. Si unaiona ngazi yangu pale?" Akaonyesha ukutani. Ngazi ya mbao ilikuwa imeegemea, imejaa matone ya rangi za nyumba za watu, nyeupe, bluu, ya maziwa. Mgeni akaitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa cheti.

Nyuma ya pazia, Kidole alipiga chafya ya unga.

"Mwambie profesa afya," alisema shemeji.


Kulipopambazuka, Fundi Rangi aliibeba ngazi kwa bega lake zima mpaka mahali alipokuwa akifanya kazi Kopo, kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kuchanganya rangi. Siku hizi Kopo alikuwa na vijana wake wawili na simu isiyonyamaza.

"Fundi! Umerudi kazini?"

"Nimekuletea ngazi."

Kopo aliizunguka. Aliitikisa. Alikanyaga kipago cha chini kwa kisigino, kisha cha pili, kama mtu anayenunua punda. "Imechoka, Fundi."

"Haijachoka. Imekaa."

"Ndiyo kuchoka kwenyewe huko," alisema Kopo, na vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka, ila hakuwanyamazisha. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kuni.

"Kopo. Ngazi hii ndiyo uliyojifunzia kupanda."

Kijana akakuna shingo, akaongeza, akaongeza tena kidogo. Alipohesabu noti alimpa mzee wake kwa mikono miwili, na hiyo mikono miwili ilimuuma Fundi Rangi kuliko kile kicheko. Akaondoka haraka. Alikuwa hajafika mbali aliposikia sauti: "We dogo, isogeze huku! Panda!" Hakugeuka.


Duka la kompyuta lilikuwa na mlango wa kioo na taa nyingi kuliko ilivyohitajika mchana. Kwenye kaunta walisimama vijana wawili wenye viatu vyeupe, wakizungumza na mwenye duka kwa maneno mafupi mafupi ambayo Fundi Rangi hakushika hata moja. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, bisibisi imekaa nyuma ya sikio lake kama kalamu ya karani.

"Nikusaidie nini, mzee?"

Wale vijana waligeuka. Walitazama suruali yake yenye madoa ya rangi, wakatazama kandambili zake. Fundi Rangi alikuwa amejifunza sentensi yake njiani, neno kwa neno: binti yangu anataka kadi ya picha. Lakini sentensi ilipofika mdomoni, alijiona atakavyoonekana: jitu zima, mvi kichwani, limekuja kununua kidude cha mchezo, tena halijui hata linachonunua.

"Nimetumwa," alisema. "Na bosi."

"Aa. Bosi anataka nini?"

"Kadi ya picha. Ya gemu. Ya binti yake."

Akashangaa jinsi kifua kilivyomwachia. Mtu aliyetumwa hachekwi kwa kutojua. Vijana walirudi kwenye mazungumzo yao.

"Kompyuta yake ni ya zamani?"

"Ya zamani kiasi."

"Pawa saplai yake je, lile boksi la umeme la ndani, ni kubwa? Maana hizi kadi zinakula umeme. Kama hana hakika, ni bora alilete kasha lenyewe nilifungue, nilione kwanza. Kuona sitozi kitu."

Hapo ndipo njia ilipogawanyika, na ndipo Fundi Rangi alipopita pabaya. Alete kasha? Bosi gani anayebeba kasha kichwani? "Kwa bosi hakuna kitu kidogo," alijibu, na mmoja wa wale vijana akaguna kwa kuvutiwa. Utamu wa ule mguno, jamani! Akasimama wima kidogo.

"Basi achukue hii. Imetumika, lakini ilitunzwa." Mwenye duka akataja bei. Ilikuwa ngazi nzima, pamoja na vipago vyake. Juu ya kaunta kilibandikwa kikaratasi: MALI IKITOKA HAIRUDI. Fundi Rangi alikisoma, akalipa.

"Mwambie alete kasha kesho nimfungie. Kufunga ni bure."


Kesho yake walibeba kasha limefungwa kwenye shuka, yeye na Kidole, wakipokezana. Binti alikuwa na furaha ya kumeza mate. Mara mbili alimwomba amwonyeshe kadi, na mara mbili aliirudisha kwenye boksi lake kama anayelaza mtoto.

"Baba, lakini pesa umetoa wapi?"

"Nilikuwa na akiba," alisema Fundi Rangi. Na lile la pili, la bosi, hakulisema kabisa. Alijiambia kwamba labda leo dukani atakuwepo mtu mwingine. Labda yule mtu husahau nyuso. Mwoga hakosi labda.

"Mzee wa bosi!" mwenye duka aliita hata mlango haujajifunga. "Na huyu bila shaka ndiye binti wa bosi mwenyewe. Karibu, dada, kaa hapa." Akavuta kiti, kiti pekee kilichokuwepo, akakipangusa kwa kiganja. "Mzee, tua mzigo hapo. Wewe simama pale mlangoni upate upepo."

Kidole alimtazama baba yake.

Fundi Rangi alikuwa akitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, safi, na katikati ya vigae miguu yake ilionekana mikubwa mno. Alisubiri asikie sauti ya mwanawe ikisema neno. Aliposikia, ilikuwa sauti ya kiti kikikaliwa. Akaenda mlangoni.

Mwenye duka alifungua skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Akainama. Akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa.

"Dada. Huu ni unga?"

Kidole alisogea kutazama.

"Ni unga wa ngano! Na umeiva!" Alianza kucheka. "Tazama feni hii. Unga umeingia, joto limeukanda, umeganda kama ukoko wa sufuria. Nyumbani kwenu mnaoka mikate humu ndani?"

"Ndiyo maana inaganda?" aliuliza Kidole kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hasa. Kompyuta ikishikwa na joto hujipunguza mwendo isiungue. Mzibe mtu pua kwa kitambaa umwambie akimbie, atakimbia? Kadi yenu hii ya zamani haina kosa. Nani aliiweka penye unga?"

Pale mlangoni, masikio ya Fundi Rangi yaliwaka. Ni yeye. Mkewe alitaka iwekwe dirishani penye hewa, na yeye akasema la, wageni wataona. Watasema nyumba hii mwanamume amekaa na mtoto anacheza. Akaisukuma chini ya meza kwa mguu wake mwenyewe, akapigilia misumari ya pazia.

"Iliwekwa tu," alisema Kidole.

Mwenye duka alitafuta brashi, akatoa moja iliyonyonyoka manyoya. Fundi Rangi alisogea hatua. Kwenye mfuko wa nyuma alikuwa na brashi yake nyembamba, ile ya kingo za madirisha. Bega lilikataa kazi, lakini brashi hakuiacha nyumbani hata siku moja. "Tumia hii."

"Mzee, una brashi mfukoni? Kumbe bosi anakufanyisha kila kitu!"

Alipomaliza kusugua, aliwasha kompyuta pale pale mezani na kadi yake ile ile ya zamani. Feni ikazunguka kimya kimya. Gemu likafunguka, askari akakimbia, akaruka, akakimbia tena, mguu haukubaki juu. Ungedhani Kidole angeruka kwa furaha. Alitazama tu.

"Na hii mpya?" aliuliza.

"Hiyo hata nikiichomeka, itazima. Boksi lenu la umeme ni dogo. Nilimuuliza mzee hapa, akaniambia kwa bosi hakuna kitu kidogo." Mwenye duka alikunja shuka vizuri, akampa Kidole. "Mwambie baba yako, dada, siku nyingine asitume mtu. Aje mwenyewe."

"Nitamwambia," alisema Kidole.

Akainuka. Alipofika mlangoni alisema, "Twende." Hakuongeza jina wala cheo. Fundi Rangi alirudi kulichukua kasha, akalibeba, akamfuata nyuma.


Walikuwa karibu kufika kwao.

"Huyo bosi," alisema Kidole, "ana gari?"

"Mwanangu..."

"Nauliza tu. Maana ni baba yangu, si vibaya nikimjua."

Fundi Rangi alihamishia kasha kwenye bega bovu, makusudi, limuume.

Nyumbani, mama alikuwa akiwasubiri, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. Kidole hakumtazama mama. Alitazama ukuta. Ngazi iliposimama miaka yote palibaki mistari miwili iliyonyooka, isiyo na moshi wala vumbi, safi kuliko kitu chochote mle ndani.

"Nilifikiri umemwazima mtu," alisema mama polepole.

"Nimeiuza."

"Na kadi?"

"Haifai."

"Na kompyuta?"

"Ilikuwa imejaa unga."

Mama alitazama mikono yake. "Unga wangu?"

"Unga ni wako. Mahali nilichagua mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Kidole alikaa kwenye kochi, akawa anakunja ile shuka iliyokwisha kukunjwa.

"Mimi sikuona aibu kwa wewe kusema umetumwa," alisema mwishowe. "Nilielewa mara moja. Watu pale wanakuvua nguo kwa macho. Aibu yangu ni kwamba nilikaa. Kiti kimoja, baba mtu amesimama mlangoni na bega lake, na mimi nikakaa."

Akaingia chumbani. Fundi Rangi alibaki na boksi la kadi mapajani. Kuna mzigo ambao ukiubeba wewe, hata mtoto wako anaubeba, na hakuna wa kumtua.


Alirudi dukani peke yake, asubuhi, kabla ya vijana wa viatu vyeupe kuamka. Mwenye duka alikuwa akifagia.

"Nimekuja kusema neno," alianza Fundi Rangi, akakohoa. "Hakuna bosi. Yule ni binti yangu. Mimi ni fundi rangi, sina kazi, na yule mtoto ndiye anayetulipia nyumba kwa kucheza. Ningekuambia kweli nawe ungeniambia kweli, lakini nilianza mimi kudanganya."

Mwenye duka aliegemeza ufagio. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Ulipotoa brashi. Nikakutazama wewe, nikamtazama yeye. Mzee, pua ile haiuzwi dukani. Wanayo wawili tu."

"Na hukusema?"

"Nilishakusimamisha mlangoni. Ningesema vipi? Nikajifanya mjinga niendelee na maneno ya bosi, nikidhani nakusitiri. Usiku mke wangu akaniambia nimekuumbua mara mbili." Hakumtazama usoni. Wakasimama watu wazima wawili, kila mmoja akikagua vigae vyake.

Mali haikurudi, kikaratasi kilibaki pale pale. Lakini mwenye duka aliichukua kadi, akaiweka rafu ya mbele. Akipata mnunuzi, alisema, pesa zote ni za Fundi. Ilikuwa ahadi tu, na ahadi haipandwi kama ngazi. Kisha akafungua droo, akamrudishia brashi yake. Alikuwa ameiosha, manyoya yamelala upande mmoja, kama inavyotakiwa.


Jumapili alasiri kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo dirishani. Pazia la maua lilifuliwa, sasa linafunika mikate. Kidole alikaa kwenye kiti cha kweli, vifaa vya kusikilizia masikioni, vidole vinakwenda tik-tik-tik kama mvua ndogo juu ya bati. Tangu siku ile ya dukani alikuwa akizungumza na baba yake vizuri, bila ukali wowote. Ila hakuwa amemwita. Alisema "samahani", alisema "chakula tayari". Neno lile lenyewe alilipitia kando.

Hodi ikapigwa. Mkono wa Fundi Rangi uliruka wenyewe kutafuta pazia. Ulikuta hewa.

"Wenyewe mpo?" Shemeji aliingia, akasimama katikati ya chumba. Aliitazama skrini, watu wanakimbizana, moshi, risasi. "He! Profesa anacheza?"

Mama aliacha kukanda. Jasho lilimtoka Fundi Rangi kwenye mvi. Angeweza kusema ni mapumziko ya masomo. Uongo ulikuwa umeshasimama mlangoni na viatu vyake.

"Shemeji, hajawahi kuwa na kozi," alisema. "Kodi ya nyumba hii analipa yeye, kwa huo mchezo, tangu nianguke. Mimi ndiye niliyekuwa namfunika." Uso ulimchoma, na macho yalimshuka sakafuni yenyewe, maana mgeni wetu yule wa kitendawili hahami kwa siku moja. "Karibu ukae. Ila punguza sauti kidogo. Bosi yuko kazini."

Macho ya shemeji yakaenda ukutani, kwenye ile mistari miwili, yakarudi. Kwa mara ya kwanza tangu afahamike mlangoni pale, alikaa bila kuuliza.

Vidole havikukwama. Vilikwenda, vikaenda, kisha vikatulia. Timu ilikuwa imepewa mapumziko mafupi. Kidole hakugeuka. Alisogeza kifaa cha sikio moja nyuma kidogo.

"Baba," aliita. "Maji."

Fundi Rangi aliinuka mbio, akapitia kikombe kilichokuwa safi, akakisuuza tena, akajaza maji, akayaleta kwa uangalifu bila kumwaga hata tone, kama mtu aliyetumwa.